Shamba Lililodhaniwa Magugu

Ninyi vijana mnaoniona nimekaa hapa Gatina, Nairobi, nikichambua kunde mnafikiri nilizaliwa nimekaa. Sivyo. Mikono hii imepindua uchafu wa soko la Kawangware miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, ikaugeuza udongo, na udongo huo ukalisha watu. Kazi yangu ilikuwa mbolea. Sikuwa na ofisi wala kadi ya kuvaa shingoni. Nilikuwa na mkokoteni, uma wa chuma, na harufu ambayo marehemu mke wangu alisema hufika nyumbani kabla yangu.

Siku hizi mnakuja kuniuliza maswali kwa sababu mmeanza kupanda kwenye magunia juu ya paa na kando ya ngazi. Vizuri, niulizeni. Ila mnaniuliza habari za udongo peke yake, na udongo ndio sehemu rahisi. Nitawaambia ya udongo, maana najua hamtaniacha nisipowaambia. Halafu nitawaambia jinsi tulivyopoteza shamba la kando ya mto kule Kibera, katika kijiji cha Raila. Lilikuwa likilisha nyumba kumi na mbili, na halikufa kwa kukosa mbolea.

Udongo basi. Panga lundo lako kwa tabaka: majani makavu chini, kisha maganda ya ndizi na mabaki ya kabichi, kisha samadi ya mbuzi, kisha majivu kidogo, mkono mmoja tu, usimwage kama unanyunyiza chumvi kwenye githeri ya harusi. Chomeka mti mrefu katikati uuache humo. Ukiuchomoa baada ya siku kadhaa ukautia kiganjani, wenyewe utakueleza. Ukiwa moto na una unyevu, nenda zako, lundo linafanya kazi. Ukiwa moto na mkavu, lundo lina kiu. Ukiwa baridi na unanuka choo, limekosa hewa, lipindue. Na betri ya redio ikishaingia humo na kupasuka, usijidanganye kwamba utaiokota na kuendelea. Tupa lote. Nimeona watu wakilia kwa ajili ya lundo, nikawaambia afadhali walie sasa kuliko kulia watoto wao wakishakula.

Nilifanya upumbavu pia. Wakati mmoja akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo ya Kibera, walinipa mabaki yao bure, vichwa na vumbi la omena, magunia mazima. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikayachanganya yote juu juu, sikuyazika. Ndani ya wiki moja paka wa Kawangware nzima walikuwa wamehamia kwangu, na panya wakaja nyuma yao, na nadhani walifanya mkataba, kwa sababu sikuona paka hata mmoja akishika panya. Mwenye ploti alinifukuza na lundo langu. Omena ni mbolea kali, lakini izike ndani kabisa, penye joto.

Aliyeniambia niizike alikuwa mwanamke mmoja wa Kisumu Ndogo anayeitwa Peres. Wote walimwita Dani Peres, dani ni nyanya kwa Kijaluo. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na kawaida ya kukutazama miguu kabla ya kukutazama uso. Alikuja kununua samadi, akasimama mbele ya paka wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wafula," akaniambia, "hii si mbolea. Hii ni hoteli."

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kazi moja. Mimi nilijua kutengeneza udongo, yeye alijua mboga. Sizungumzii sukuma wiki, hiyo kila mtu anaijua. Alijua mboga za kwetu upande wa ziwa na magharibi: saga, yaani mgagani, ambayo yeye aliiita dek; kisha osuga, mrenda, mitoo, kunde. Alinifundisha kwamba mbegu mpya ya saga hulala. Ukiivuna leo ukaipanda kesho utasema imekufa, kumbe imelala tu. Iache kwenye chupa kavu miezi kadhaa ndipo uipande. Mbegu yenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo yeye aliichanganya na mchanga ndipo aimwage kwa mkono, aende akiimwaga akirudi nyuma. Na alinifundisha kwamba saga haihamishwi. Ina mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja, na ukiukata umekata kila kitu. Inaota pale ilipoangukia au haioti kabisa.

Kwa kumwaga huko tuligombana mara nyingi. Mimi nilipenda mistari. Nilikuwa nimeona watu wa miradi wakija na tisheti zao na kamba, wakipanda mistari iliyonyooka, na nikaona ndiyo akili. Dani alisema mistari ni ya kupigwa picha. Ukimwaga, mboga zinafunika ardhi zenyewe, jua halikaushi udongo, na magugu yanakosa nafasi. Na kweli shamba lake lilikuwa na mboga nyingi kuliko mistari yangu. Sikumshinda hata siku moja kwa hoja hiyo.

Shamba hilo lilikuwa ukingo wa mto, mahali palipokuwa jaa. Dani ndiye aliyeanza kulisafisha. Alianza peke yake na reki iliyovunjika, akitoa karatasi za nailoni zilizokuwa zimelaliana chini mpaka magotini. Wanawake wengine walimwona wakaingia. Wengi wao walikuwa Wajaluo, na wengine Waluhya kama mimi. Mimi nikawaletea udongo, mkokoteni baada ya mkokoteni, nikivuka barabara ya Ngong huku matatu zikinipigia honi. Hatukuwa na hati. Hapakuwa na mwenye hati pale. Ardhi ile ilikuwa ya yule aliyeonekana juu yake, na hilo mliweke akilini kwa sababu ndilo lililotuua.

Kati ya wale wanawake alikuwepo Akinyi, mke wa kijana wa Dani. Kabla ya shamba, Akinyi alikuwa akikaa ukutani. Mnajua ule ukuta wa mtaa wa matajiri ambapo wanawake hukaa tangu asubuhi wakingoja mtu atoke getini aseme, wewe, njoo unifulie. Kuna siku anaitwa, kuna siku anarudi nyumbani na njaa ileile aliyotoka nayo. Shamba lilimtoa ukutani. Watoto wake walikula mboga kila siku na nyingine akauza, na aliniambia kwamba hatarudi kukaa pale hata akiitwa kwa jina. Ukipita leo utamkuta. Amerudi palepale.

Sasa sikilizeni jambo la kupanda. Kwa Wajaluo, nyumbani kwao mashambani, si kila mtu huamka tu akapanda mvua ikinyesha. Mke mkubwa ndiye anayeanza. Yeye akishatia mbegu yake ardhini, wengine wanafuata kwa mpangilio. Ukimruka umeleta balaa nyumbani. Hapa Nairobi watu husema hayo ni ya nyumbani, hapa ni nyumba ya kupanga, na hakuna mke mkubwa wa nyumba ya kupanga. Lakini pale mtoni, msimu wa kwanza, Dani alianza kupanda kwa sababu yeye ndiye alikuwa na mbegu. Msimu wa pili wakamngoja kwa utani. Msimu wa tatu hapakuwa na utani tena. Ilikuwa sheria, na hata sisi Waluhya tuliifuata, kwa sababu kwetu pia mdogo hamruki mkubwa.

Kisha Dani akaugua. Tumbo lilimvimba na miguu pia, akalala kwenye chumba chake Kisumu Ndogo asiweze kuinuka. Mvua ndefu ikaanza. Udongo ulikuwa umeshalimwa, mweusi, umekaa wazi, unangoja. Wanawake nao walingoja. Nilikuwa nikifika kila mara nakuta wamesimama pembeni wakitazama maji yakiingia ardhini bure.

Caro, msichana wa Kiluhya aliyekuwa mdogo wao wote, ndiye aliyesema walichokuwa wakiwaza.

"Kwani hii ni dala?" akauliza. Dala ni boma, nyumbani kwenyewe. "Hapa ni Kibera, watu wangu. Tunalipa rent. Mvua haijui nani ni mkubwa."

"Wewe panda basi," Akinyi akamwambia. "Chukua mbegu, panda. Mimi siwezi kuruka mama ya bwanangu na ako hai."

Caro hakupanda. Mtu anaweza kuwa na mdomo na bado akawa na heshima.

Nilikwenda kwa Dani nikamweleza. Nilitegemea aseme wapande tu. Alitazama miguu yangu, halafu akaniuliza kama mkokoteni wangu una pumzi kwenye magurudumu. Nikasema unayo. Akasema, "Basi nipeleke."

Tulimtandikia gunia na blanketi. Akinyi alishika upande mmoja, Caro upande mwingine, mimi nikasukuma. Njia za Kibera wakati wa mvua hazina huruma kwa gurudumu. Kila tulipodunda aliuma meno, na watu walitoka milangoni wakidhani tumebeba maiti. Yeye aliwaona wakivua kofia.

"Leo mimi ndio mbolea," akasema, na Akinyi akamwambia aache, na yeye akacheka kidogo, na kicheko kikamuumiza.

Kule shambani tulimshusha tukamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwendea nikachuchumaa, na nitawaambia nilichomwambia, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi tayari. Nilimwambia, Dani, safari hii tupande mistari, na mbele kabisa tuweke sukuma wiki, ili kila apitaye aone pana shamba. Alinitazama uso kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sukuma ni ya kuonekana," akasema. "Dek ni ya kula. Mimi sina nguvu ya kupanda mara mbili."

Sikubishana na mgonjwa. Alitia mkono kwenye bakuli la mchanga na mbegu, akamwaga mbele yake, mara moja, mara mbili, na mkono ukaanguka pajani. Ilitosha. Wanawake wakapokea bakuli na kumwaga shamba lote, wakirudi nyuma kama alivyowafundisha. Alikaa kwenye ndoo akiwaangalia mpaka wa mwisho alipofika ukingoni. Nilifurahi siku ile, siwezi kuwadanganya. Nilidhani tumevuka.

Dani alifariki wiki ileile. Sitaki kusema mengi hapo. Alikuwa rafiki yangu wa kweli, na hata leo nikichomoa mti kwenye lundo namwambia lina hali gani.

Maiti ya Mjaluo haizikwi makaburi ya Lang'ata kama ina kwao. Inarudi nyumbani. Ikakaa mochari huku mikutano ya mchango ikiendelea jioni baada ya jioni, kisha Akinyi na wengi wa wanawake wakaisindikiza mpaka kwao ng'ambo ya Kisumu. Na muda wote huo hakuna aliyegusa jembe. Msidhani ulikuwa ushirikina wa watu fulani. Caro mwenyewe, aliyesema mvua haijui mkubwa, nilipomuuliza kama tukapalilie, alitikisa kichwa.

"Aliyetupandia bado hajazikwa," akasema. "Hata kwetu Kakamega siwezi shika jembe."

Hata kwetu Bungoma mimi nisingelishika. Basi tukaacha. Mvua ilikuwa inanyesha vizuri, mbegu haikuhitaji mtu. Ilikuwa inahitaji mtu wa kuonekana tu, na mtu huyo hatukumweka.

Caro alinipigia simu asubuhi moja nikiwa napindua lundo. Hakusema hujambo. Alisema, "Mzee, kuja na mkokoteni. Wamekuja na mabati."

Nilipofika niliwakuta wanaume na milingoti tayari imesimamishwa pembe mbili, mabati yamelazwa chini, na ndani ya uwanja ule, chini ya viatu vyao, saga ilikuwa imeota. Nataka mwelewe ilivyoonekana. Saga changa ina vijani vitano vidogo kama kiganja cha mtoto mchanga. Ikiwa imemwagwa, haina mstari, haina mwanzo wala mwisho. Katikati yake magugu yalikuwa yameota pia kwa kuwa hatukupalilia. Mimi niliona mboga ya nyumba kumi na mbili. Mtu mwingine yeyote angeona majani ya kando ya mto.

Aliyeleta mabati hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa mtu wa kawaida wa kujenga vyumba vya kupangisha. Aliniuliza kwa upole, "Mzee, shamba liko wapi?"

"Umelikanyaga," nikamwambia.

Akatazama chini. Akainua mguu, akautazama upande wa chini, akaurudisha. "Hii ni magugu, mzee. Nimepita hapa wiki ngapi sijaona mtu."

Kati ya mafundi wake alikuwepo mmoja aliyeinama akachuma jani, akalisugua kwa vidole akalinusa. Nikajua ni mtu wa ziwani. "Hii ni dek," akamwambia bosi wake. Bosi akamtazama. Yule fundi akapangusa vidole kwenye suruali. "Lakini mimi ni wa misumari tu," akasema, na akarudi kwenye misumari yake. Simlaumu. Alikuwa na watoto kama Akinyi alivyokuwa nao.

Tulimwita mzee wa kijiji. Alikuja upesi, namshukuru kwa hilo. Alizunguka uwanja mzima mikono nyuma, akarudi akasimama kati yetu na mabati. Alisema anatukumbuka, na anamjua marehemu. Kisha akasema maneno ambayo ninayasikia kila ninapomwona kijana anapanda kitu: "Wafula, mngekuwa na sukuma hapa, hata mstari mmoja, ningekuwa na kitu cha kusema. Sasa nitasema nini? Niwaambie hii majani ni ya nani?"



Kwa hiyo hili ndilo somo langu kuhusu kilimo, na hamtalipata kwa watu wa tisheti. Dani alikuwa sahihi kuhusu ardhi. Kumwaga ni bora, mboga za kienyeji ni bora, zinavumilia, zina nguvu, zinajua kuishi. Lakini jiji hili linatambua mmea mmoja tu. Panda mnachopenda kula, ila mbele, upande wa njia, pandeni mstari wa sukuma wiki ulionyooka kama uzi, hata kama hamtaula. Na mkifiwa, lieni, zikeni, shikeni desturi zenu zote, lakini mmoja akae shambani kwenye ndoo. Asiguse jembe. Akae tu aonekane.

Walitupa mpaka mchana tutoe kilicho chetu. Walisema hivyo, kilicho chenu, kana kwamba ni viti. Caro alivua leso yake akaitandaza, akapiga magoti akaanza kung'oa saga moja moja, akizilaza kwenye leso na udongo kidogo. Nilimwambia, "Caro, unajua haihamishwi."

"Najua," akasema, na hakusimama.

Nikapiga magoti nami. Mzee kama mimi, magoti yenyewe yamechoka. Tuling'oa mpaka kokoto ya kwanza ilipomwagwa nyuma yetu, na kila mzizi tuliouvuta ulikatika palepale nilipojua utakatika. Tulizipanda kwenye magunia ya mlangoni kwa Caro na udongo wangu bora kabisa. Kufikia siku ya tatu zote zilikuwa zimelala, na hazikuamka.

Akinyi hatukumpigia simu. Tulikubaliana hivyo, kwamba mtu aliye matangani haongezewi mzigo. Alirudi na basi la usiku pamoja na wengine, akafika asubuhi, na tukaenda kumpokea nyumbani kwake Kisumu Ndogo kabla hajapita mtoni. Alikuwa amenyoa nywele. Alikuwa na begi na kifurushi cha viazi vitamu, na viatu vyake bado vilikuwa na udongo mwekundu wa kaburini. Tulimpa pole, akaitika. Alitupa mikono sote wawili, akashikilia mkono wa Caro.

"Mbegu ya Mama iliota?" akauliza.

Caro alinitazama. Nilitazama viatu vya Akinyi.

"Iliota," Caro akasema.

"Yote?"

"Yote. Iliota poa sana."

Akinyi akafumba macho, midomo ikasogea, nadhani alikuwa anashukuru. Kisha akaweka kifurushi chini, akapita kati yetu, akanyoosha mkono nyuma ya mlango akatoa jembe.

"Basi twende," akasema. "Tumeshazika. Itakuwa imejaa magugu."

Nikashika mpini wa lile jembe, nikamwambia aketi kwanza.